Mwache Diwani Aseme

Nakumbuka siku moja nilimliza mama yangu mdogo kwa hadithi, wala si kwa uzuri wake. Mwanangu, umeniletea riwaya yako kwenye simu, nimeisoma mpaka macho yakaniwasha, na yule mheshimiwa wako mwenye kitambi na kigugumizi ndiye aliyenikumbusha. Keti. Chai ipo.

Nilikuwa chuo cha ualimu, kichwa kimenivimba. Tulikuwa tukisoma riwaya za baada ya uhuru, zile ambazo mkoloni ameondoka na mwenzetu amekalia kiti chake, nami nikaona, ala, hata sisi hapa Kiogoro tunaye wetu! Diwani alikuwa amewaomba akina mama eneo la chemchemi apande mikaratusi. Wakakubali. Miti ikanywa maji ikanenepa, chemchemi ikakauka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama afariki, akawa anateremka hadi mtoni na mtungi kichwani, na barazani hakuonekana tena.

Nikaandika kwa hasira. Nilimfanya diwani bwege: hajui kuongea, kila akifungua mdomo watu wanacheka. Likizo ilipofika nikamsomea mama mdogo jikoni, akichambua mboga yake ya chinsaga. Nilisubiri acheke. Alisukuma ungo pembeni.

"Huyo bwege ndiye aliyetudanganya?"

"Ndiye, mama."

"Basi sisi tuliompigia makofi ni nini? Mimi nilisimama wa kwanza, kijiji kizima kinajua." Machozi yakamtoka. "Sasa unataka hata wasiotujua watucheke."

Ee, mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alijifuta uso kwa leso, akasimama, akanihutubia kwa maneno ya diwani mwenyewe, neno kwa neno. Siku ile diwani alichota maji kwa kiganja, akanywa mbele yao, akauliza, "Akina mama, nani huiba maziwa ya mama yake?" Akawataja wajane kwa majina, mmoja mmoja. Akasema mzungu alituachia vilima vitupu, lakini miti hii itajenga madarasa, na binti zenu watashika chaki. Nakuambia, mimi niliyejua mwisho wake, maji yameisha na darasa hakuna, nilijikuta natikisa kichwa kukubali! Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mama mwenye binti wa kusomesha.

"Aliposema chaki," akaniambia, "nilikufikiria wewe. Ndipo nikasimama."

Niliichana ile hadithi. Nikaandika nyingine, na humo diwani anaongea kurasa tatu nzima, kwa utamu wote niliousikia jikoni. Nilipomsomea, mama mdogo alifumba macho. Tulipofika kwenye makofi alinishika mkono. "Sasa wataelewa," akasema. Mwezi uliofuata alikwenda barazani, akasimama mbele ya diwani, na safari hii hakupiga makofi. Aliuliza miti itakatwa lini ili chemchemi irudi.

Kwa hiyo, mwanangu, rudi ukamfundishe mheshimiwa wako kuongea. Mpe methali, mpe machozi, mpe hata ukweli kidogo, maana mwongo asiye na ukweli hata chembe hadanganyi mtu. Msomaji apige makofi moyoni kwanza, ndipo umwonyeshe chemchemi kavu. Kesho akimsikia mheshimiwa mwingine pale sokoni Daraja Mbili, juu ya gari lenye vipaza sauti, atajikumbuka. Wala usimcheke aliyeamini. Huenda aliamini kwa ajili yako.

Mimi nimeshika chaki mpaka nikastaafu, na kila siku namshukuru mama yule, apumzike kwa amani. Nawe Mungu akubariki, akubarikie na hiyo simu, maana ndiyo kalamu yenu. Akujalie uandike kitabu ambacho mama yako akisomewa hatainamisha kichwa.