Mashine ya Nne na Watu Iliowakataa

Wakimbizi walipoanza tena kuvuka kutoka Burundi, mimi nilikuwa nimehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, na kazi yangu ilikuwa kulea kompyuta sita. Zilikaa kwenye chumba kimoja cha ofisi ya shirika letu, mtaa wa Katubuka. Ndicho chumba pekee kilichokuwa na kiyoyozi, kwa hiyo jua likishapanda kila mfanyakazi alikuwa na swali la kuja kuniuliza.

Mashine hizo zilikuwa zimeunganishwa zifanye kazi kama kabati moja kubwa. Kila mkimbizi aliyeandikishwa kambini, picha yake, alama za vidole vyake na karatasi zake zilirushwa kwa mnara hadi kwetu, na mfumo ukaamua wenyewe zikae kwenye mashine ipi. Fundi aliyekuja kuufunga kutoka Dar es Salaam aliniambia wakati anafunga begi lake, "Dada, hapa huna kazi. Unagawa wenyewe, sawa kwa sawa." Nilimshukuru na kumfungia dagaa wa kupeleka kwao.

Wiki chache baadaye mashine ya nne ilikuwa imejaa pomoni. Ya sita ilikuwa tupu kama nyumba iliyokosa mpangaji. Hizo nyingine zilikuwa hapo katikati, kila moja na lake.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mtu wa Singida, mpole, mwenye imani kwamba kila ugonjwa wa kompyuta unaletwa na sinema. "Mtaalamu," aliniambia, "kuna watu wanaweka filamu humo. Futa zote, usimwonee mtu haya." Nikatafuta, na kweli zilikuwepo: filamu za Kinigeria, mechi za mpira, mapishi ya keki. Nikazifuta. Kwa siku kadhaa hakuna aliyenisalimia, na hata chumba changu kikapoa kwa kukosa wageni. Fungu kubwa kuliko yote nililiacha la mwisho, kwa sababu lilikuwa la mkuu mwenyewe. Lilikuwa kwaya za kanisa lake, mkesha mmoja baada ya mwingine.

"Hizo si sinema," alisema. "Hiyo ni ibada."

"Lakini mzee, zina uzito uleule."

Alizihamisha kwa huzuni. Mashine ya nne ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena mpaka pale pale. Nikaagiza diski kubwa zaidi, nikaifunga, nayo ikajaa. Nikampigia fundi wa Dar.

"Umeizima ukaiwasha?" akauliza.

"Nimeizima mpaka imechoka."

"Basi izime tena, uiache ipumzike kidogo."

Niliiacha ipumzike. Ilipoamka ilikuwa imejaa vilevile, na kuanzia siku hiyo ikaanza kukataa watu.

Habari zilinifikia kwa simu kutoka kambini, kwa mama aliyesimamia usajili. Alikuwa mwenyeji wa Ujiji, umri wa mama yangu, na sauti yake haikuhitaji spika. "Mwanangu," alisema, "hii mitambo yako ina ubaguzi. Mmoja anapita, mwingine anaambiwa hifadhi imejaa. Kama imejaa, si ijae kwa wote?"

Swali hilo lilinikosesha amani. Nikapanda gari la ofisi, na mkuu akaja pia, kwa sababu aliogopa wakubwa wangemuuliza na yeye hajaona. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi.

Pale kwenye hema la usajili watu walikuwa wameshapata maelezo yao, na yalikuwa mazuri kuliko yangu. Wengine walisema mashine inakataa nguo nyekundu, kwa hiyo shati moja la bluu lilikuwa linazunguka foleni nzima, likivaliwa na kuvuliwa. Wengine walisema inakataa waliovukia ziwani na kuwapokea waliokuja kwa miguu. Mama wa usajili mwenyewe alikuwa amefikia uamuzi kwamba inakataa wanaocheka, na alikuwa anaamrisha kila mtu akaze uso. Picha za wiki ile zote zinaonekana kama za watu waliofumaniwa.

Nikakaa kando ya meza yake nitazame. Ikaja familia moja: baba, fundi cherehani mwenye Kiswahili cha Bujumbura, mke wake na watoto watatu. Mke akapita. Mume akakataliwa. Mtoto wa kwanza akakataliwa, wa pili akapita, wa tatu akakataliwa. Nguo zao zilikuwa za rangi moja, maana alizishona yeye kwa kitambaa kimoja, na walivuka siku moja kwa mtumbwi mmoja.

"Bibi," yule fundi cherehani akaniambia, "mashine inamjua mke wangu, mimi hainijui. Sasa nyumba hii mkubwa nani?"

Foleni ikacheka. Mama wa usajili akawakaripia wakaze uso.

Tukamjaribu mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu yeye mwenyewe akachoka. "Andika lile la ubatizo kwanza," akasema. "Labda inapenda Kifaransa." Mama akaandika jina la ubatizo mbele, la Kirundi nyuma. Mashine ikampokea kimya kimya, bila neno.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa maana nilikuwa nimeona kitu. Nikamwomba mama anisomee majina ya waliokataliwa tangu asubuhi, na akasoma, na kila jina lilianza na N. Nikamwomba ya waliopita. Hapakuwa na N hata moja.

Yule fundi wa Dar alikuwa ameupa mfumo amri ya kugawa watu kwa herufi ya kwanza ya jina linaloandikwa mbele. A mpaka D mashine ya kwanza, na kuendelea hivyo, N hadi P mashine ya nne, na U hadi Z, ambazo karibu hazikuwa na mtu, zikapewa mashine nzima ya sita. Warundi huandika jina la Kirundi mbele, na majina yao mengi ni sentensi kamili. "Ni Mungu aliyetenda hivi," "Ninamshukuru aliyenipa vile," na katika Kirundi sentensi hizo huanza na N, kama zinavyoweza kuanza kwetu. Nusu ya kambi ilikuwa inalala kwenye chumba kimoja.

Nikampigia fundi papo hapo. Akaapa kwamba alijaribu kabla. "Nilitumia majina ya wageni wa harusi yangu! Yaligawanyika vizuri sana."

"Kulikuwa na Mrundi hata mmoja harusini kwako?"

"Hapana," akasema.

Nilikuwa bado nje naongea na simu wakati mkuu, kwa furaha ya kuona tatizo lina dawa, alipotoa amri ndani ya hema: kuanzia sasa jina la ubatizo litangulie. Niliporudi meza zote zilikuwa zinatii. Foleni ilikuwa inakwenda mbio, na uvumi mpya ulikuwa umeshatoka nje, kwamba mashine inapokea waliobatizwa tu. Bwana mmoja mwenye kofia ya kiua, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, akaja mbele amekasirika kweli kweli. Jina lake lilianza na A. Likapita mara ya kwanza. Akatoka hemani ameinua mkono kama aliyefunga bao, na mama wa Ujiji akampigia vigelegele.

"Mzee," nikamwambia mkuu, "hili si suluhisho. Tumewahamisha tu."

"Watu wanapita, mtaalamu. Unataka nini tena?"

Siku chache baadaye alijua nilichotaka. Wanaume wengi wa kambi ile walibatizwa kwa jina la Yohana, ila kwa Kifaransa, ambako linaanza na J. Wanawake wengi walibatizwa Maria. J na M zote zilikuwa za mashine ya tatu. Ilijaa kwa kasi ambayo ya nne haikuwahi kuifikia, na mama wa usajili akanipigia kunitaarifu kwamba sasa mitambo yangu imegeuka, inakataa Wakatoliki.

Nilizima usajili wote. Fundi wa Dar akanielekeza kwa simu, na kwa kweli alinielekeza vizuri, jinsi ya kubadili amri ile ili watu wagawanywe kwa tarakimu ya mwisho ya namba yao ya usajili, isiyojua mtu anaomba wapi wala alizaliwa kijiji gani. Kazi ngumu ilikuwa kuhamisha waliokwishakaa. Umeme ulikatika, nikaanza upya. Jenereta likaishiwa mafuta, nikaanza upya. Mkuu alikuwa anafika asubuhi, anachungulia zile nguzo sita za rangi kwenye skrini, moja kwa kila mashine, kama mtu anayeonja mboga, anauliza, "Zinalingana?" Nikisema bado, anafunga mlango taratibu.

Zilipolingana tulirudi kambini kurekebisha majina. Mimi nilidhani hakuna atakayejali. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Nimekuja kuchukua jina langu," alisema.

"Lipo," nikamwambia, "ila liko nyuma."

"Nyuma silitaki. Baba yangu alinipa jina hilo siku alipofukuzwa kwenye shamba lake. Linasema Mungu ndiye anayejua. Lile jingine nilipewa na padri mwenye haraka."

Mama wa usajili akalirudisha mbele herufi kwa herufi, akageuza skrini ili aone mwenyewe. Alilisoma kwa sauti, akawasomea na wanawe majina yao. Kisha akaomba apigwe picha nyingine, kwa sababu ile ya kwanza, alisema, ilimfanya aonekane mwizi. Mama akamruhusu acheke.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, mashine zote sita ziliwaka taa nyekundu kwa pamoja. Zilikuwa zimejaa, hakuna iliyomzidi mwenzake. Mkuu alizipitia moja moja kwa kidole.

"Hongera, mtaalamu," akasema. "Zimejaa kwa haki."

Diski mpya zilikuja kwa treni, behewa moja na mifuko ya saruji. Tulishinda uani kutwa nzima, mimi na mama wa usajili aliyekuja kutoka kambini kusaidia, tukipangusa vumbi la saruji kwenye maboksi kwa kanga yake ya zamani kabla sijathubutu kufungua hata moja.