Asali Ilifika Salama

Nakumbuka alasiri moja bandarini Kigoma, mwanangu. Nimesimama ndani ya meli, nikawahesabu watoto wangu watano wakatimia, kumbe walikuwa wanne. Miaka imepita mingi, lakini hata leo nikisikia honi ya treni hapa Tabora nageuka kutazama nani yupo na nani hayupo.

Nakusimulia kwa sababu jana ulinifungulia daftari lako la safari. Umepanga vizuri, sikatai. Nguo za watoto umeandika, dawa umeandika, maji ya kunywa, hata sabuni. Nikakuuliza, pale kwenye ngazi ya meli nani atamshika nani? Ukacheka. "Mama, tutajua hukohuko." Nikakurudishia daftari, ukadhani nimeridhika. Wapi! Maneno kama hayo niliwahi kumwambia baba yangu, tena kwa kicheko hichohicho.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mabehewa hapa stesheni, na likizo yake ilipofika akapewa pasi ya kusafiri bure na familia. Mama yake alikuwa akiishi kwa mtoto wake mkubwa, katika kijiji kipya cha ujamaa kusini mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo bila meli hufiki. Macho ya yule mama yalikuwa yanakwisha. Akatuandikia barua kwa mkono wa mtu, akasema tumpelekee wajukuu awaone angali anaona. Mapacha alikuwa hajawatia machoni hata siku moja.

Salma alikuwa na miaka minane, Hamisi sita, Kulwa na Doto minne, na Shija namtia mgongoni. Wewe umeolewa na Doto na unamjua kwa mwendo tu, lakini enzi hizo hata baba yao alikuwa akiwakosea. Na desturi yetu ya mapacha unaijua: hawabaguliwi. Ukimpa huyu andazi, na yule andazi. Ukimshonea huyu kaptula, na yule kaptula ya kitambaa kilekile. Mimi nikazidisha. Nikawashonea mashati ya kitenge cha manjano, nikawanyoa sawasawa, nikipita nao sokoni watu wanasimama kuwatazama, nami naringa, usiombe! Na nikitaka waje, naita "Kulwa!" basi, wanakuja wote wawili. Niliona nimejipunguzia kazi.

Maandalizi yalinichukua wiki tatu. Nilipata asali ya Ipole, nusu debe, nzuri ajabu. Sukari niliikusanya kidogo kidogo kwa kupanga foleni duka la ushirika, maana haikuwa ikipatikana ovyo. Mchele, karanga, mikeka, kuku wawili kwenye tenga. Mizigo kumi na mmoja. Kila mmoja nikaufunga kitambaa chekundu, na Salma akaiandika yote kwenye daftari lake la shule: asali, sukari, tenga la kuku, mpaka mwisho. Nikajiona mimi ndiye mwanamke mwenye akili kuliko wote mtaani.

Siku ya kuondoka baba yangu, Mzee Athumani, alikuja kutuaga. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, amekwenda pwani na kurudi kwa miguu, mzigo begani, na baba alipenda kutukumbusha hilo hata tusipouliza. Akaizunguka mizigo yangu taratibu, kisha akasema:

"Zuhura, mizigo nimeiona. Watoto je, utawaitaje?"

"Kuwaitaje, baba? Nitawahesabu. Si watano tu!"

"Babu yangu alinambia, kila asubuhi kiongozi wa msafara alikuwa akiita majina. Unaitwa, unaitika kwa mdomo wako. Asiyeitika, wote wanakaa chini mpaka aonekane. Mizigo ilikuwa inatazamwa baadaye."

"Baba nawe!" nikacheka. "Hao walikuwa wa kutembea porini. Sisi tunapanda treni, tunapanda meli. Nchi huru hii."

"Haya, mama," akasema. Akawashika watoto vichwa mmoja mmoja, akaenda zake.

Treni ilikuwa raha tupu. Tulipopita Usoke watoto walikuwa wamejazana dirishani wanawapungia mkono hata mbuzi. Balaa ilitungoja Kigoma. Bandari ilikuwa imefurika watu, madumu ya mawese, magunia ya dagaa, kila mtu anataka kuwahi ngazi. Nikawakalisha mapacha juu ya magunia kando ya ghala, nikawaambia kwa ukali, "Kaeni hapa. Asiondoke mtu mpaka niite." Mume wangu akawa anapandisha mizigo, anashuka, anapandisha, Hamisi anamfuata nyuma. Mimi na Salma tumesimama na daftari. Asali? Imepanda. Sukari? Imepanda. Kuku? Wamepanda. Mzigo wa kumi na moja ulipopanda nikapaza sauti, "Kulwa! Haya!" nikaona shati la manjano linapenya katikati ya watu, nikageuka, nikapanda.

Juu kule nikahesabu. Salma, mmoja. Hamisi, wawili. Shija mgongoni, watatu. Shati la manjano kwenye vyuma vya ukingoni, wanne. Nikageukia mizigo yangu, nikaona shati la manjano limechuchumaa kando ya tenga la kuku. Watano.

"Wametimia?" mume wangu akauliza.

"Wametimia."

Wakaiondoa ngazi. Honi ikalia, mabaharia wakaanza kufungua kamba. Mimi nikakaa kwenye mkeka, nikafungua chakula, nikamkatia kila mmoja kipande cha mkate. Kulwa nikampa viwili, kama kawaida, chake na cha mwenzake. Akala kimoja. Kingine akakishika tu.

"Mbona huli?"

"Hiki cha Doto."

"Mpe basi."

Mtoto akatazama huku, akatazama kule. "Doto hayupo, mama."

Yale mashati mawili yalikuwa shati moja, mwanangu. Kulwa alikuwa ametoka ukingoni akakimbilia kwa kuku wakati nageuza shingo.

Nilipiga ukelele ambao sijapata kuupiga tena maishani. Nikakimbilia pale ngazi ilipokuwa, pengo tupu, maji yanaonekana chini. Baharia mmoja mnene akanijia juu: "Ndugu, rudi nyuma! Meli inaondoka!" Nikamkamata mkono, nikamwonyesha kidole kule ghalani. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mtoto wetu amebaki." Yule bwana akanitazama usoni, akageuka, akapuliza filimbi yake mara tatu. Mungu ampe pepo popote alipo. Ngazi ikarudishwa.

Nilishuka pekupeku, Shija ananirukaruka mgongoni. Nikawa nawapita watu nikiita, "Doto! Doto! Doto!" Ndipo nikakiona kishati cha manjano. Palepale juu ya magunia, mikono magotini, ametulia. Akaruka chini akanikimbilia.

"Doto, kwa nini hukuja, baba?"

"Ulisema tukae mpaka uite," akanijibu. "Ukamwita Kulwa. Mimi nikangoja."

Eh, mwanangu! Kulia nililia mimi, yeye ananifuta machozi. Mtoto wa miaka minne alikuwa amenitii vizuri kuliko nilivyostahili. Maskini, alizoea kuja kwa kumfuata mwenzake, na siku nilipomkanya asiondoke mpaka aitwe, akangoja jina lake. Na mimi jina lake nilikuwa silitumii.

Tulifika kwa bibi yao siku ya pili. Macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga kidogo sana. Akawashika mashavu mmoja mmoja, akiwasogeza karibu na uso wake, na kila mmoja akamtaka ataje jina lake mwenyewe. Doto akalitaja kwa sauti ya juu mpaka kuku wakastuka, tukacheka sote.

Tuliporudi Tabora, baba alikuja kutupa pole ya safari. Alikuwa keshasikia yote kwa Salma. Akanywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Asali ilifika?"

"Ilifika, baba."

"Haikumwagika?"

"Haikumwagika."

"Na kuku?"

"Wazima."

"Hongera, mwanangu. Mizigo yako ilisafiri vizuri sana."

Heri angenipiga!

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na hilo daftari lako silitupi. Ila ukurasa wa kwanza uache wazi kwa majina ya wanao wanne, na mbele ya kila jina uandike nani atamshika mkono. Kwenye kila ngazi na kila mlango usihesabu vichwa. Ita jina, ngoja sauti, ndipo uite lingine. Mzigo ukibaki, ubaki. Bibi yao hapa hana haja na mawese yenu. Na usingoje safari. Hata nyumbani, siku isiishe kabla hujamwita kila mmoja peke yake, hata kama humtumi kitu, ajue ana nafasi yake kwako ambayo mwenzake hawezi kumjazia.

Tena na mumeo umwite. Usicheke! Leo ni mtu mzima mwenye mvi, lakini mtazame akiwa kwenye kundi la watu: anakaa kando, anatulia, anasubiri. Nyinyi mnasema ni mpole. Mimi mama yake najua anangoja nini. Mkifika Kigoma, kabla hujaweka mguu kwenye ngazi, geuka, uite "Doto!" na usipande mpaka aitike.

Nenda nao salama, mwanangu. Mungu alitulize ziwa mbele yenu, awashike pale mikono yenu itakapopungua, na awarudishe kwangu wote. Nitasimama hapahapa mlangoni, nitawaita mmoja mmoja, na wewe nitakuita wa kwanza.