Kiroba cha Pistoni za Zamani

Enzi zetu, sisi watoto wa kijiji cha Itiryo, Tarime, tulifundishwa kushuku kabla ya kufundishwa kusoma. Ng'ombe wetu wote walikuwa wamekatwa kipembetatu kidogo kwenye sikio la kushoto, ili akipotea leo na kuonekana mnadani kesho, asiwepo wa kubisha. Lakini baba, Tata kama tulivyomwita, hakuishia kwa ng'ombe. Mpini wa jembe ulikuwa na kipembetatu. Ukingo wa sufuria, mguu wa kigoda, mkono wa ndoo, vyote vilikuwa navyo. Hata kandambili zangu za kwendea kanisani alizikata pembeni, nikawa natembea na alama ya ng'ombe miguuni. Mwalimu aliwahi kuniuliza kama rula yangu imeliwa na panya. Tata alikuwa na msemo wake mmoja tu, na aliusema hata akiwa anakula: "Mwamini mtu, lakini weka alama."

Nakumbuka asubuhi za wakati ule. Umande unakung'ata miguu, unakimbia mchakamchaka huku tumboni una kiazi kimoja cha moto ulichokila ukiwa unatembea. Jioni wavulana wanaswaga ng'ombe nyumbani, vumbi linanuka kinyesi na majani makavu, na sisi wasichana tunacheza rede, ule mpira wa kurushiana na kukwepa, mpaka mama aite mara ya tatu. Jumamosi ilikuwa siku ya mapishi. Kila mmoja analeta kifuu, kopo, kigae, tunapika ugali wa matope na mboga ya majani ya maboga. Watoto wa siku hizi wanapika kwenye simu, wanabonyeza kwa kidole na kuku anaiva. Sisi tulipika matope, tena tukayaonja, na hakuna aliyekufa.

Sasa, Tata alikuwa na pikapu ya bluu. Ilibeba mahindi, ilibeba wagonjwa, ilibeba mabibi harusi na ng'ombe wa mahari, wakati mwingine siku moja. Mwaka nilipokuwa darasa la tatu ikaanza kutoa moshi na kunywa oili kama mlevi. Injini ilikuwa imechoka, ilitaka kufunguliwa yote na kusukwa upya. Mtu pekee wa kufanya kazi hiyo alikuwa Fundi Masanja, Msukuma aliyekuja huku kwetu akifuata dhahabu. Dhahabu haikumkubali, akabaki kutengeneza mashine za kusaga mawe ya wachimbaji, kisha akafungua gereji. Alikuwa mpole, na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: akimaliza kushika grisi, alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kuanzia kidole gumba, kama mtu anayehesabu.

Tata alimwambia wazi kwamba hamwamini. Masanja akacheka, akasema mzee, hata mimi ningekuwa wewe nisingemwamini mgeni. Akaifungua injini pale pale uani kwetu. Pistoni nne zilipotoka, Tata alichukua tupa akakata kipembetatu kwenye ukingo wa kila moja. Masanja akamweleza kwamba silinda zitapelekwa Musoma kuchongwa, kwa hiyo pistoni mpya na kubwa kidogo zitaingia, na hizi za zamani atarudishiwa. "Nizione kwa macho yangu," Tata akasema. "Utaziona mzee, nitakukabidhi mkononi."

Injini iliporudi, Masanja aliifunga uani kwetu kwa siku nne. Siku tatu Tata alikaa kwenye kigoda bila kubandua macho, hata uji aliletewa pale pale. Siku ya nne akaja mtu mbio kusema ndama wetu aliyepotea ameonekana mnadani Sirari. Alama ikamwita, Tata akaondoka. Mama alikuwa shambani. Masanja akamaliza, akaiwasha pikapu, ikanguruma vizuri ajabu. Akasubiri mpaka jua likaanza kushuka, na alikuwa na kazi nyingine inamngoja. Ndipo akaniita, akanipa kiroba kizito. "Robi, hivi ni vyuma vya zamani vya baba yako. Mpe mwenyewe, mkononi. Umesikia, binti?"

Nikasema nimesikia. Nikamsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha nikafungua kiroba. Jamani! Sufuria nne za kufanana, zina uzito, zinang'aa kwa ndani, na zina tundu pembeni unapoweza kupitisha kijiti zikawa na mkono! Mimi niliyekuwa napikia kifuu kilichopasuka! Nikaiona Jumamosi yangu yote, zikiwa zimepangwa kwenye mafiga, na wenzangu wakiomba kuazima. Nikazificha nyuma ya ghala. Nilisema moyoni kwamba nitampa Tata baada ya Jumamosi. Ulikuwa uongo, na nilijua.

Tata alirudi amefura, kwa sababu ndama hakuwa wetu. Kitu cha kwanza akauliza, "Vyuma vya zamani viko wapi?" Mama hakuona kitu. Nami nilikuwa nikiitazama fimbo aliyoishika, nikanyamaza. Asubuhi alimwita Masanja mbele ya majirani. Masanja akaja anafuta vidole, akashangaa, akanigeukia. "Robi, si nilikupa kiroba jana?"

Nikasema, "Sijakiona."

Masanja akaniangalia. Hakukasirika, hicho ndicho kinachoniuma hadi leo, aliniangalia tu kama mtu aliyekosea njia. "Mzee, nimempa huyu mtoto kwa mkono wangu." Tata akasimama. "Mtoto wangu hasemi uongo," akasema, na majirani wakaitikia kwa vichwa. Kama ameuza vya zamani, wakaulizana, nani ajuaye alichoweka ndani? Tangu siku ile Masanja akawa mwizi Itiryo nzima. Hakuna aliyempelekea trekta wala hata baiskeli. Mvua za kwanza zilimkuta amefungasha spana zake na kuondoka. Siku ile alipoitwa, mchana, kabla ng'ombe hawajarudi, nilikuwa nimeshazifukia zile pistoni kwenye samadi, chini ya nguzo ya kona ya zizi. Sikupika nazo hata siku moja.

Na pikapu? Ilikwenda miaka na miaka bila kukohoa. Tata alikuwa anaweka sikio kwenye boneti kila asubuhi, anatikisa kichwa. "Ngojeni tu, itakufa." Haikufa. Kila ilipowaka kwenye baridi ya alfajiri kwa mshituko mmoja tu wa ufunguo, mimi nilijifunika blanketi kichwani.

Basi, mwaka jana kigari changu nacho kikaanza moshi. Mimi sasa ni mwalimu shule ya Gorong'a, nakaa Tarime mjini, na kigari hicho ndicho kinachompeleka Tata kliniki, maana amezeeka, macho hayaoni vizuri na miguu haimtii. Nikaanza kutafuta gereji ya kusuka injini. Loo! Wa kwanza alikuwa kijana mwenye suruali iliyobana, ana waya masikioni, na alikuwa anatazama video kwenye simu ya jinsi injini inavyofunguliwa, huku ya mteja ikiwa imeshafunguliwa mbele yake. Nikamuaga kwa heshima. Sirari nikakutana na mwingine, akapiga boneti kofi. "Madam, wacha stress. Hii tunatoa, tunaweka ingine, unaenda." Nikamuuliza hii ya kwangu itakwenda wapi. Akacheka tu. Wa tatu alitaka nimwachie gari na ufunguo na nisirudi mpaka aniite. Thubutu! Mimi ni mtoto wa Tata. Kila mmoja nilimuuliza swali moja: vyuma vya zamani nitarudishiwa? Wakaniona mama wa kizamani.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia, nenda Natta, kuna mzee ndiye anayefungua magari ya kambi za watalii, hana longolongo. Nikaenda. Gereji ilikuwa safi kuliko ofisi yetu ya walimu, sakafu imefagiwa, spana zimetundikwa kwa ukubwa. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu: VYA ZAMANI UONDOKE NAVYO. Nikatabasamu, nikasema hapa ndipo. Kisha mzee akatoka chini ya gari, mvi kichwa kizima, akachukua kitambaa akaanza kufuta vidole. Kidole gumba kwanza.

Nilimjua pale pale. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Jina?" Nikasema Mwalimu, wa Tarime. Mwalimu nani, hakuuliza, nami sikusema. Ningeweza kugeuza gari. Lakini lingefika wapi, na moshi ule? Nikabaki, na hapo ndipo shuku ikanikamata. Je, akinijua? Si ataniwekea mchanga kwenye oili? Si ataacha nati moja haijakazwa, nife na Tata wangu njiani tukienda kliniki? Mimi ndiye niliyemkosea, na bado nilikuwa namshuku yeye. Aliponipa kisogo injini ikiwa imefunguliwa, nilitoa rangi ya kucha kwenye mkoba, nikapaka nukta nyekundu ndani ya kila pistoni. Alipogeuka akaziona. Akaendelea na kazi.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu. Nilipofika gari lilikuwa linanguruma taratibu, moshi hakuna. Nilikagua kila nati niliyoweza kuifikia, na mzee akanisubiri. Kisha akaleta kiroba, akanipa mikononi, hakukiweka chini.

"Hesabu," akasema.

"Nakuamini, fundi."

"Usiniamini, mwanangu. Hesabu."

Nikahesabu. Pistoni nne, zote zina nukta zangu nyekundu. Nikamuuliza kwa nini ana sharti hili. Akachukua kitambaa. "Zamani niliwahi kumpa mtoto." Akaanza na kidole gumba.

Nilianza kulia kabla sijasema. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nalia na kiroba cha vyuma kifuani. "Fundi, mtoto huyo ni mimi. Ulinipa. Nilivificha mimi."

"Najua," akasema. "Ulipopaka rangi ile ndipo nikajua. Nimefanya kazi mkoa huu miaka mingi, na ni nyumba moja tu niliyoona wanaweka alama kwenye pistoni."

"Mbona hukuniambia?"

Akamaliza kidole cha mwisho. "Nikuambie nini, Robi? Nilishasema mara moja, na wewe ulikuwepo."

Sikurudi Tarime siku ile. Nilinyoosha moja kwa moja hadi Itiryo, nikamkuta Tata amekaa nje anaota jua la alasiri. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote, kuanzia zile sufuria mpaka lile neno langu "sijakiona". Nilitegemea atanifokea, na afadhali angenifokea. Akauliza tu:

"Ulizifukia wapi?"

"Nguzo ya kona ya zizi la zamani."

"Chukua jembe."

Pale sasa pana migomba, lakini nguzo ile ya mti mgumu ipo bado. Nilichimba, yeye amesimama ameegemea fimbo. Nilitoa ya kwanza, imeota ukungu mweupe. Akaipokea, akapitisha kidole gumba ukingoni polepole, mpaka kikaingia kwenye kipembetatu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne aliishika muda mrefu kuliko zote.

"Nami nikasema mtoto wangu hasemi uongo," akasema.

Siku hizi watu wana kamera juu ya milango na namba za siri kwenye simu, na bado hawalali. Nikiwacheka vijana huwa nasahau kwamba sisi tulikuwa hivyo hivyo. Enzi zetu mtu alikushuku akiwa amekaa kwenye kigoda mbele yako, uji mkononi, na ungeweza hata kucheka naye, kama Masanja alivyocheka siku ile ya kwanza. Nakumbuka sana uani pale: harufu ya oili mpya, kuku wanadonoa kando ya spana, wanaume wawili wanabishana kwa heshima juu ya chuma. Wangekuwa marafiki wale. Mimi ndiye niliyewanyima.

Tata akafuta udongo kwenye zile pistoni kwa shati lake, akazitia kwenye kiroba nilichotoka nacho Natta, juu ya zile zenye nukta nyekundu.

"Masanja yuko wapi?"

"Natta, Tata. Ni mbali kidogo."

"Gari lako litafika?"

"Amelisuka yeye mwenyewe."

Akaelekea kwenye gari, kiroba mkononi. Nilidhani atapita mbele kwanza, ainamishe sikio kwenye boneti kama zamani. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni, akanisubiri nimfungulie.

"Basi litafika," akasema.