Matanga ya Jirani Aliyekuwa Hai

Jamani, hii sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nusu ya kwanza mnaijua, kwa sababu video ilizunguka hadi ikafika Voi kwa shangazi zangu, mkacheka, mkatumiana, mkacheka tena, na mimi nikawaacha mcheke maana ningefanya nini. Lakini mmeniuliza kwa nini nikisikia habari za yule jirani nanyamaza, basi kaeni niwaambie yote, hata ile nusu isiyochekesha.

Tulifika Birmingham mwezi wa pili, mimi na binti yangu Wakesho, kumfuata baba yake aliyekuwa ametangulia na anaendesha lori. Tukapata nyumba mtaa wa Saltley, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta mpaka jirani akipiga chafya unamjibu. Upande wa kushoto walikaa Waingereza wawili, mama mmoja anaitwa Pat na mumewe mzee Ron, watu wa makamo ya juu, si wa maneno mengi lakini wema. Pat alituletea keki siku ya pili tu, na kila akiniona nimesimama mbele ya mapipa ya taka nimechanganyikiwa (hapa kila takataka ina pipa lake na kila pipa lina siku yake, utadhani yanakwenda kazini), anatoka na kandambili zake, ananiita "bab" kama wanavyoitana watu wa hapa, na kunionyesha la wiki hiyo.

Mwezi wa nane mama yangu akafa huko Wundanyi. Paspoti yangu ilikuwa imekaliwa na watu wa uhamiaji, kwa hivyo sikwenda kumzika. Nilimzika kwenye simu. Kaka yangu aliishika juu ya kaburi, mtandao unakatika, nikaona udongo, nikaona viatu vya watu, nikaona mbingu, halafu chaji yake ikaisha. Baba Wakesho alikuwa barabarani na lori. Mimi nikakaa kwenye kochi na leso yangu nikingoja watu. Naam, nilingoja watu! Nyinyi mnajua kwetu mtu akifiwa hagusi hata sufuria, wanawake wanajaa, huyu anateka maji, huyu anapuliza moto, yule anaanzisha wimbo, unalia mpaka sauti inakauka, na ukinyamaza wenzako wanakupokea. Jioni ikafika, hakuna aliyegonga, nani angegonga na hakuna aliyejua, Wakesho ana njaa, nikainuka nikasonga ugali. Kile kilio kikakwama hapa kooni. Kila asubuhi naamka nacho, nakwenda nacho dukani, narudi nacho.

Basi majani yakaanza kuanguka, siku zikafupika, saa moja ya asubuhi bado giza totoro. Madukani yakajaa maboga, nikafurahi, nikanunua mawili, moja nikalipika kwa nazi. Wakesho kurudi shule akashika kichwa, akaniambia kwa Kiingereza (Kiswahili anasikia, lakini tangu aanze shule hapa hajibu nacho) kwamba lile lilikuwa la kuchongwa macho na meno na kuwekwa mlangoni, na kwamba tarehe thelathini na moja watoto watapita wamevaa kama mazimwi wakiomba peremende. Nikasema sawa, thelathini na moja, watoto, peremende, nimeelewa. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wazima nao wamo, wala kwamba wengine huanza Jumamosi iliyotangulia.

Na mzee Ron alikuwa mgonjwa. Hilo mlijue, msije mkaniona mwendawazimu kabisa. Wiki mbili kabla ya hapo ambulensi ilikuja ikamchukua, na sikumwona tena akirudi. Pat nilimwona mara moja tu, amekonda uso, akanipungia mkono akaingia ndani.

Sasa Jumamosi hiyo nafungua mlango nichukue maziwa ya chupa yaliyoachwa kizingitini, nakuta kwenye kiuga cha mbele cha Pat kuna kaburi. Kaburi, jamani! Udongo umeinuka, majani makavu juu yake, jiwe la kijivu kichwani, msalaba, na mshumaa ndani ya gilasi. Nyinyi watu wa Nairobi mngeshtuka, lakini mimi ni Mtaita, sisi tunazika nyumbani, babu yangu amelala hatua chache kutoka jikoni na kuku wanapita juu yake. Sikushtuka hata kidogo. Nilichosema ni, maskini mzee Ron, kumbe hawa nao wanazika nyumbani, na mimi nilikuwa nawaona hawana utu. (Kile kiuga hakimtoshi hata paka. Nilijiuliza kweli wamemlaza au wamemsimamisha, lakini nikajikemea kwamba hayo si ya kuuliza.)

Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu. Kuuliza si ujinga, hata mtoto mdogo anajua, lakini msibani nani anauliza? Utagonga mlango wa mtu useme samahani, hivi umefiwa? Nilijaribu kumpigia Baba Wakesho, simu imezimwa. Wakesho alikuwa kwa rafiki yake. Nikampigia Mama Bijou, yule rafiki yangu Mkongomani wa kutoka Bukavu, ambaye alikuwa amekaa hapa muda mfupi kuliko mimi, tena juu ghorofani, hajui hili wala lile. Akafika mbio amefunga kitambaa kichwani.

"Tunaenda, dada," akasema. "Lakini kwetu ba mama banaanza kulia ku barabara, hapana kungoja ku mulango. Sinon, bila vile, batasema hatukumupenda."

Nikachukua sukari kilo mbili, majani ya chai na paketi ya unga, nikajifunga leso kiunoni. Kupitia dirishani tulikuwa tumeshaona watu wanaingia kwa Pat, wote wamevaa nyeusi, mmoja mwanamke wino wa macho umemtiririka mpaka mashavuni. Mama Bijou akaniambia, ona yule amelia mpaka amekwisha. Tukatoka. Na tulipofika kwenye kaburi Mama Bijou akaachia sauti moja, ile sauti yake ya kwaya, mimi nikaipokea, mbwa wa nyumba ya pili wakaanza kubweka.

Mlango ukafunguliwa na yule yule wa wino. Akatutazama juu mpaka chini, akatuambia tumependeza mno, tuingie, tuingie! Nikasema moyoni, majonzi humfanya mtu aropoke. Ndani giza, mishumaa, watu wamesimama na gilasi, na kuta zote zimejaa utando wa buibui. Hapo machozi yalinitoka ya kweli, nikimfikiria Pat, jinsi alivyouguza mume mpaka akakosa hata nguvu za kufagia.

Na sebuleni katikati, jeneza. Na ndani ya jeneza mzee Ron, mweupe kama unga, mikono kifuani.

Jamani, nilimwendea. Mtu ukiona maiti hujiulizi. Nilipiga magoti, nikaweka sukari pembeni, nikashika ubao wa jeneza nikalia, mzee wetu umetuacha, nani atamtolea Pat mapipa, nani atamfaa, Mama Bijou nyuma yangu anaitikia na kupiga kifua. Watu wakageuka kututazama. Ndipo mzee Ron akafungua jicho moja, akaniangalia, akaangalia ile sukari, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Hujambo, bab. Hiyo ni yangu?"

Mama Bijou nilisikia tu "Seigneur!", yaani Bwana wangu, na kishindo. Alipita watu, akapita mlango, akapita kaburi, akalipiga teke lile jiwe likakatika vipande viwili, kumbe ni sponji.

Mimi nilibaki pale pale kando ya jeneza. Na sasa nisikilizeni, kwa sababu kwenye video hapa ndipo mnapocheka zaidi, pale ninapoanguka chini na kulia kwa sauti ile. Simlilii Ron pale. Ron ameshakaa kwenye jeneza lake anaomba maji. Pale kitu kilifunguka hapa kooni, namlilia mama yangu. Namwita kwa Kitaita, namwomba msamaha kwamba sikuja, kwamba nilipika ugali siku ya maziko yake. Nasikia naona aibu, nataka kunyamaza, sinyamazi. Na wale watu, wenye damu za rangi na meno ya plastiki, wakaanza kupiga makofi. Wakapiga miluzi. Simu zimewashwa zote. Mmoja akaniwekea mapajani fuvu la plastiki lililojaa peremende, akatangaza kwamba zawadi ya kwanza nimeichukua, haina mjadala.

Aliyekuwa hapigi makofi ni Pat peke yake. Alikuwa amevaa kofia ndefu ya mchawi na pua ya bandia. Aliivua kofia. Akaja akaninyanyua, akanipeleka jikoni, akafunga mlango, akaniuliza namlilia nani. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha, nikamwambia tu, mama yangu, mwezi wa nane. Akanishika mkono, pua ile bado iko usoni, nikalia mpaka nikachoka, na nilipochoka nikaona yeye naye analia. Chai alipika yeye. Ndiyo matanga ya mama yangu niliyopata Uingereza, mtu mmoja na kikombe kimoja.

Mngedhani baada ya hapo tungekuwa chanda na pete. Wapi! Jumatatu video ilikuwa shuleni kwa Wakesho. Alirudi akajifungia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule akanisemesha Kiswahili: "Mama, kwa nini ulienda? Kwa nini huwezi kukaa nyumbani tu kama watu?" Baba Wakesho alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wangu akaacha. Mimi nikaanza kukimbia watu. Pat akigonga, nazima redio nakaa kimya. Aligonga mara nyingi, siku moja akaacha kadi ya Krismasi mlangoni, nikaiokota alipokwisha kuondoka. Mapipa nayatoa giza likiingia. Nilijua ananitakia mema, lakini nikimwona tu nasikia yale makofi.

Desemba mtaa ukawaka taa. Pat aliweka Baba Krismasi wa kupuliza kwa pampu juu ya paa, usiku upepo ukivuma anainama kama anatuchungulia. Wakesho akatuambia msimu huu Waingereza wana michezo ya kuigiza kila kona, shuleni, kanisani, mpaka mabaa. Basi wiki ile ya Krismasi, niko dirishani naanika soksi juu ya hita, naona gari refu jeusi limesimama kwa Pat, na watu wamevaa nyeusi wanaingia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikasema, aa-aa, mwaka huu hamnipati tena. Nikampigia Mama Bijou, nikamwambia wameanza upya, akacheka, akasema safari hii wamepata mpaka gari. Lakini sitawadanganya, moyo uliniambia nenda. Ulisema wazi kabisa, vaa leso uende. Nikaujibu kwamba nimeshachekwa ya kutosha na mtoto wangu ameshaaibika. Nikafunga pazia, nikaenda kukanda unga wa chapati za sikukuu.

Tulikula, tukapiga simu nyumbani, tukavaa vitenge vyetu, sikukuu ikapita. Nilikuja kumwona Pat mwaka mpya, asubuhi, kwenye mapipa, na safari hii sikuwa na pa kujificha. Alikuwa amevaa koti la Ron. Lilimfika magotini. Nikamwuliza mzee yuko wapi, na nilipokuwa nauliza nikawa ninajua.

Aliniambia. Aliniambia pia kwamba ile sherehe ya Oktoba ilikuwa ni Ron aliyeitaka, daktari alishamweleza kwamba hatapona, naye akasema alale kwenye jeneza watu wacheke akiwa bado anasikia. Na kwamba mpaka mwisho alikuwa akimtaja yule mama wa sukari, anasema hakuna mtu aliyewahi kumlilia vile.

"Siku ya maziko nilikuona dirishani," akasema. Hakusema kwa hasira. "Niliwaambia watoto wangu wasubiri kidogo, jirani yetu atakuja."

Nikamwambia nitakuja leo, nitakuja jioni, nitaleta chapati. Akanipigapiga mkono, akasema asante, lakini nyumba ya kupanga wameshairudisha kwa mwenyewe, anahamia kwa binti yake mbali huko pwani, gari la vitu linakuja kesho. Likaja kweli. Baba Krismasi akatolewa hewa, akakunjwa, akatiwa kwenye gari pamoja na viti.

Sasa hivi nikiona gari jeusi mtaa wowote nakwenda. Iwe mchezo, iwe kweli, wacheke, wapige picha, wazipeleke Voi, Wakesho ajifungie, nakwenda. Lakini Pat hilo halimsaidii. Alisimamisha maziko ya mumewe kunisubiri, na mimi niliyelalamika kwa kila mtu kwamba mji huu hauna wa kumjia mwenzake msibani, nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikikanda unga.