Mabonge Mawili ya Njano

Kosa langu ni la kijinga, nalikiri mapema: niliona uvivu kupanda kilima mara ya pili. Mengine yote, na ni kweli tupu, yalianzia hapo.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Mimi, msomi wa misheni nisiyependa kutoka nje ya ua wangu, niliuona ukuta wa njano kule bomani, nikataka chumba cha mke wangu Elinami kiwe vilevile. Alikuwa mjamzito, na huku Meru mzazi hukaa ndani miezi mitatu akilishwa. Basi nikasema, walau atazame kitu kizuri.

Nikapanda kilima hadi korongoni kutafuta udongo wa rangi hiyo. Ilikuwa mchana, ukungu umetanda. Nikamkuta bibi mmoja mwenye kovu la moto shavuni, mikono ya njano hadi viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika bonge hili la udongo, ni la mjukuu wangu. Hili jingine ni langu."

Mabibi wa kwetu humwita kila mtu mjukuu, ningeshtukaje?

"Nipe na hilo lako, bibi, nikalinganishe."

Akanitazama sana. "Kalinganishe. Lakini usilipake."

Nikafunga kila bonge kwa jani lake la mgomba. Kufika nyumbani, niamini, sikujua lipi ni lipi! Nikapaka kidogo huku, kidogo kule, nikarudi nyuma, nikakunja uso kama fundi. Njano na njano.

"Bwana we, rudi ukamuulize," Elinami akasema.

"Nirudi kule juu, na ndizi zimeshaiva jikoni?"

Nikachagua iliyofanana na ukuta wa boma, nikapaka chumba kizima.

Siku ya tatu alishikwa na uchungu. Siku ya nne nilizika wawili.

Msibani nikamsimulia mama mkwe habari za yule bibi. Akashika kichwa. "Mwenye kovu? Huyo ni mama yangu, baba. Tulimzika kabla hujamwoa Elinami. Udongo wa kaburi lake ni wa njano."

Chumba kile nimekikwangua, nimekipaka chokaa mara sijui ngapi. Masika yakija, njano inarudi. Mimi nalala jikoni. Wewe unayesoma, ukisahau neno uliloambiwa na mtu mzima, inuka ukaulize tena, hata kama miguu inauma.

Nilijaribu kusema nimerogwa. Jirani yangu, Mama Elifasi, akanikata kauli: "Hukurogwa wewe. Uliletewa uzima mpaka mkononi, ukaona kilima ni kirefu."