Alone na Lonely Ukunguni

Niliacha shule mapema, Kiingereza nikakiokota kwa wageni niliowabebea mizigo kutoka Bigwa kupanda milima ya Uluguru. Siku moja ukungu ulitufunika, mgeni wangu akiwa ameteguka mguu. Nilijua korongo liko karibu, sikujua upande gani. Kwa hofu nikamwomba anieleze tofauti ya "alone" na "lonely", ili nisikie tu sauti ya mtu.

Akasema "alone" ni kuwa peke yako, wala haitangulii nomino: husemi "alone man". "Lonely" ni upweke unaouma, nayo hutangulia: "lonely man", mtu mpweke, hata "lonely road", njia isiyo na watu.

"Basi mimi ni lonely man," nikasema.

"Na mimi je, jiwe?" akajibu, meno yakigongana.

Wanaoshusha mboga sokoni huita kila kona wakati wa ukungu, wasigongane. Nikaita kama wao. Nikaita tena.

"Nani huyo?" mama mmoja akaitikia kutoka juu.

"Shikamoo mama! Tumepotea!"

"Marahaba. Kaa chini, usisogee, mjinga wewe!"

Tulikaa. Alipofika na tenga lake la kabichi, alirusha jiwe mbele ya miguu yangu. Sikulisikia likitua.