Moto wa Chumba cha Nyuma

Nilifukuzwa kazi kwenye ghala moja la Shively, hapa Louisville, Marekani, kwa kumpiga mwanamume, na mpaka leo sijutii. Alikuwa na tabia ya kupita nyuma yetu tukifunga maboksi na kutushika makalio kama anachagua nyanya sokoni. Siku aliponishika mimi, mkononi nilikuwa na ile mashine ya kukatia utepe wa gundi, yenye meno. Nikamtandika nayo usoni. Damu ikamwagika juu ya boksi la viatu vya watu, na msimamizi akaniambia nichukue koti langu niende. Nikalichukua. Nilipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Iroquois, mama akauliza kwa nini nimerudi asubuhi yote ile, nikamwambia ukweli. Akasema, "Mwanangu, hizo hasira zako zitakuja kukuua." Halafu akauliza kama yule mtu aliumia vizuri.

Ilikuwa 2015. Sisi ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania, na mwaka ule simu za watu wote kanisani zilijaa picha za Bujumbura: matairi yanawaka, vijana wanakimbia, mtu amelala barabarani na ndala moja mguuni. Jumapili tuliimba macho yamevimba. Dada mmoja wa kwaya alikuwa anafanya usafi kwenye karakana ya vioo, akapata kazi ya kulea wazee, akanipisha nafasi yake. Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu.

Alikuwa Mjapani, mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mikono imejaa makovu ya moto hadi viwikoni. Jina lake lilinishinda kutamka, nikamwita Mwalimu. Nikamweleza maana yake, naye akasema kwao pia ndivyo fundi anavyoitwa, basi likabaki hilo. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulielewana haraka.

Mimi nilidhani kazi ya vioo ni ya upole, ya kushika kitu kwa ncha za vidole. Thubutu! Yule mama alichota kioo cha moto kwa bomba refu la chuma, akakipuliza mpaka kikawa mtungi, akauzungusha, akaunyoosha, ukapendeza hadi ukasema basi, aache hapo. Haachi. Anachukua kisu na kuuchoma ubavuni ukiwa bado mwekundu. Anaupasua. Anaingiza koleo kwenye jeraha na kulivuta kwa nguvu zote huku anaguna, jasho linamtiririka, na kioo kinavutika kama ngozi ya mnyama. Mitungi yake yote ilikuwa hivyo, imechomwa, imechanwa, imesimama. Na ambao haukumridhisha aliuvunja kwa nyundo kila Ijumaa ndani ya pipa, sisi wote tumesimama tunatazama, hakuna kucheka, hakuna kuongea. Mwanzoni niliziba masikio. Baada ya Ijumaa tatu nilikuwa naisubiri siku hiyo.

Nikisema sisi wote, namaanisha mimi na msaidizi wake. Huyu alikuwa mzungu wa hapohapo Kentucky, mzee mkubwa wa mwili na mpole, ambaye zamani pombe ilimharibu na alikuwa ameiacha. Alifanya kazi na Mwalimu miaka kumi na miwili. Nilimfundisha kusema shikamoo, akawa ananiamkia mimi, mtu wa kuweza kuwa binti yake, nami naitikia marahaba bila aibu. Tulicheka sana kwa hilo. Ndiye aliyenionyesha namna ya kufagia vipande bila kujikata.

Mwalimu alikuwa anatengeneza mtungi mkubwa kuliko yote aliyowahi kuitengeneza, wa kupelekwa Buffalo kwenye ukumbi mpya wa maonyesho uliomsubiri. Walimaliza kuupuliza Jumamosi mimi sipo. Kioo kinene namna ile hakiachwi kipoe kwa hewa. Kinaingizwa kwenye oveni inayopunguza moto kidogo kidogo kwa siku nane, la sivyo kinapasuka. Leo nayajua hayo. Wakati ule nilijua tanuru la mbele tu, kwa kuwa nilionyeshwa siku ya kwanza nikaambiwa halizimwi kamwe. Oveni kubwa ya chumba cha nyuma nilizoea kuiona ya baridi, nikaiwekea ndoo na mifagio pembeni. Hakuna aliyenieleza. Nani anamweleza mfagiaji?

Jumapili, tukitoka ibadani, nilipita pale kuchukua kitenge nilichokisahau. Hakukuwa na mtu. Chumba cha nyuma kilikuwa cha moto, oveni inawaka, taa nyekundu, peke yake.

Ngoja niseme kuhusu moto. Kambini kuni zilikuwa nje ya mpaka wa kambi, na waliokwenda kuzitafuta ni wanawake, na kule porini kulikuwa na wanaume wanaowasubiri. Mama alirudi siku moja na kichwa kimepasuliwa kwa rungu, sikio linaning'inia, blauzi yote damu, na mzigo wa kuni bado mgongoni. Hakuuachia. Walimpiga auachie, akakataa. Tangu siku ile, kwetu moto ukiwaka bure mtu anachapwa. Chakula kikiiva unavuta kuni nje na kuzifukia mchanga saa hiyohiyo. Nimechapwa kwa hilo, na nimewachapa wadogo zangu kwa hilo. Tanuru la mbele nilikuwa nalipita kila siku nimekunja ngumi, najilazimisha kulizoea. La pili sikuliweza. Nilisema kwa sauti, "Jamani, hawa watu wana wazimu?" Nikazima swichi. Na kwa kuwa ndivyo mtu wa kwetu anavyomaliza moto, nikafungua mlango wa oveni kiasi cha kiganja ili joto litoke, kama ninavuta kuni. Nikachukua kitenge changu, nikaenda zangu nimeridhika.

Jumatatu nilipofika niliwakuta Mwalimu na msaidizi wake wamesimama chumba cha nyuma. Mtungi ulikuwa umepasuka vipande vinne. Nilielewa palepale, kabla hata sijaweka mkoba chini. Mwalimu alimuuliza msaidizi nani aliingia baada ya Jumamosi, naye akasema ni yeye, alikuja Jumapili alfajiri kuikagua. Akaulizwa kama aliiacha inawaka. Yule mzee akatazama swichi, akatazama mlango ulio wazi.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimekunywa dawa ya mafua."

Mwalimu alichukua bomba la chuma lililokuwa limeegemea ukuta. Mkono wa yule mzee ulikuwa juu ya meza ya chuma. Alimpiga mara mbili. Mara ya pili nilisikia mfupa. Hakukwepa, hakupiga kelele, alijikunja tu akakumbatia mkono tumboni na kusema, "Nisamehe," akiwa mweupe kama karatasi. Mwalimu akamwambia atoke, asirudi. Akatoka. Vidole viwili vilikuwa vimegeuka upande.

Nami? Mimi ninayepiga watu usoni kwa kutetea haki yangu? Nikauchuna. Nilishika fagio na kufagia, Mungu ananiona. Nilijiambia kwamba kama hana kosa angekataa. Nilijiambia mama ana dawa za kununua. Maneno ya kujitetea hayakosekani ukiyatafuta. Ukweli ni kwamba niliogopa lile bomba, na zaidi niliogopa kuondoka, maana pale ndipo mahali pekee Marekani ambapo hasira yangu ilipata pa kukaa.

Kibaya zaidi, nilipandishwa cheo. Muda wa Buffalo ulikuwa unayoyoma na hakuna wa kumsaidia, basi Mwalimu akanitupia glavu. "Wewe una mgongo wenye nguvu. Twende." Tanuru la Louisville lilikuwa limeanza kusumbua, akakodi karakana ya rafiki yake mmoja kule Columbus, Ohio. Tukapakia zana kwenye gari tukaenda.

Columbus nilifanya kazi ya punda. Nilishika mlango, nilizungusha bomba, nilipuliza akisema puliza. Alinizaba konzi nilipochelewa, akanipiga teke kwenye kisigino nilipokosea kusimama. Niliungua mkono wa kushoto mpaka ngozi ikachubuka ikatoka na glavu, na hatukusimama. Alipouchoma ule mtungi kisu niliushikilia mimi, na alipouvuta upasuke alipiga yowe, nami nikapiga yowe. Ulipoingia kwenye oveni tuliketi sakafuni tumelowa. Nikiri tu kwamba sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, na furaha hiyo nilimwibia mtu.

Siku nane tulikaa na oveni ile kwa zamu. Kwenye siku hizo akanisimulia maisha yake. Alianza akiwa msichana, kiwanda cha vikombe vya kioo, mwanamke pekee. Fundi wao mkuu aliwapiga kwa bomba lilelile la kazi. Siku moja alimvunja yeye mbavu kwa sababu ya kikombe kimoja. "Nilikosea, nikapigwa, sikukosea tena," alisema, kama mtu anayekusomea maelekezo ya dawa.

Nikamuuliza, "Na aliyepigwa bila kosa?"

"Angesema. Yeye hakusema."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikainuka kuangalia swichi ambayo nilikwisha kuiangalia mara ishirini siku hiyo. Alidhani ni bidii. "Una mikono mizuri," akaniambia, na nikaenda chooni kulia.

Mtungi ulitoka mzima. Tuliufunga kwa mablanketi tukaondoka Columbus, tukapita Cleveland, na kuanzia pale theluji ikatupiga hadi Buffalo. Ukumbi ulikuwa upande wa Amherst, karibu na chuo kikuu. Mtungi ukawekwa juu ya jiwe, taa ikauangukia ubavu uliochanwa, na watu wenye suti wakausogelea. Kisha wakapiga makofi. Mwalimu akanivuta mbele, mimi na mkono wangu wenye bandeji, akasema, "Huyu ni msaidizi wangu."

Neno lile likanichoma. Msaidizi ni mtu, na yule mtu alikuwa nyumbani kwake na vidole vimefungwa plasta, kila anayemjua anasema ndiye aliyevunja kazi ya Buffalo. Nikamshika Mwalimu mkono nikamtoa hadi kwenye maegesho ya magari, tukiwa hatuna hata makoti.

"Ni mimi," nikasema. "Oveni niliizima mimi. Mlango niliufungua mimi. Jumapili, nikitoka kanisani."

Hakuelewa. Nikarudia. Akauliza kwa nini, nikamweleza: kuni, pori, rungu, sikio la mama, yote, Kiingereza kikinikatikia njiani nikamalizia kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanizaba kofi hadi nikaona nyota. Mkono wangu haukuinuka. Nilingoja la pili, na nilitaka lije.

Halikuja. Alisimama anautazama ule mkono wake. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sauti kubwa juu ya boneti ya gari. "Mwambie."

Yule mzee akapokea. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Ulipofika," akasema, "ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Na mlango ulikuwa umefungwa?"

"Umefungwa vizuri. Nilitumia nguvu kuufungua."

"Una hakika? Taa nyekundu uliiona?"

"Niliiona. Uliiacha sawasawa. Haki ya Mungu, uliiacha sawasawa."

Akaanza kulia. Sijawahi kusikia mwanamume mzima akilia vile, hata kambini. Mwalimu akaweka viganja viwili juu ya boneti akainamisha kichwa, theluji inamwangukia shingoni. Nilingoja yule mzee anitukane, nilikuwa tayari. Hakunitukana. Alisema nilimfanya aamini kwamba ni yeye. Zamani za pombe siku nzima zilimpotea bila kukumbuka alichofanya, na aliposimama mbele ya ile swichi alijua ule ugonjwa umerudi, ndiyo maana hakukataa na hakukwepa. Alikuwa na mjukuu wa miaka miwili aliyekuwa akishinda naye binti yake akienda kazini. Jumatatu ileile, vidole vikiwa bado havijafungwa, alimpigia binti yake akamwambia asimwachie mtoto tena, kwa sababu yeye ni mtu asiyejua alichofanya na moto.

"Ana wiki sita hajaniletea mtoto," akasema.

Nikasema nisamehe, nisamehe, kama mjinga. Akanikatiza. Hakutaka hilo. Alitaka nimpigie binti yake sasa hivi, nimwambie maneno yaleyale, swichi, mlango, taa nyekundu, nisiruke hata moja. Akaanza kuitaja namba ya binti. Hatukuwa na karatasi, basi Mwalimu akachomoa kalamu na kuiandika kwenye kiganja alichonipigia, akakinyoosha mbele yangu chini ya taa ya maegesho, nami nikabonyeza tarakimu moja moja nikisoma kutoka pale.